Simu ya Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mwezi uliopita tulimzika baba mkwe wangu kule mlimani Mbeya, pembeni ya migomba yake. Wajukuu walisimama mmoja mmoja kueleza walivyomkumbuka babu. Mmoja akasema alikuwa mkali, mwingine akasema alikuwa mcheshi, na wote wawili walisema kweli. Kisha mshereheshaji akauliza kama wakamwana nao wana neno. Wenzangu wakanigeukia mimi niliye mkubwa wao, nami nikatikisa kichwa. Ningesema nini? Miaka yote niliyokuwa mkwe wake sikuwahi kukaa naye meza moja wala kumpa mkono. Ila kuna jioni moja alitamka maneno kwa ajili yangu, maneno ambayo mzee wa kanisa hayasemi, na ungenikata kichwa nisingeyarudia mbele ya mchungaji na kwaya. Nimerudi nyumbani nimeona afadhali niyaandike, maana sisi tulioyajua tunapungua.

Mimi ni Mbena wa Njombe. Kwetu baba mkwe unamheshimu, lakini unamsalimia. Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Akipita njia hii wewe unapita ile, akiwa sebuleni wewe huingii, na chakula chake unakiweka mlangoni, unagonga, unaondoka. Kama kuna neno la lazima, analipeleka mtu wa katikati, na katika nyumba ile mtu wa katikati alikuwa mama mkwe. Siku hizi wamelegeza, wakamwana wangu wenyewe wanapiga picha na baba mkwe wao wakichekeana. Wakisikia habari zangu huniuliza, mama, kwa nini hukuingia tu? Nawaambia mtu anayeuliza hivyo hajawahi kuwa mgeni katika nyumba ya watu, ana mimba inayotishia kutoka, na kila mwanamke anayemletea uji anamkumbusha kwamba ukivunja mwiko ule anayelipa ni mtoto tumboni. Niliamini? Nusu niliamini. Nusu hiyo ilitosha kunibakiza nje ya mlango.

Simu ilikuwa sebuleni, na sebule ilikuwa yake. Mwaka wa jioni ile ninayoisema, miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa viungo, akawa amehamishia kitanda humo humo, na kutoka alitolewa na mpwa wake aliyekuja asubuhi kumwogesha na jioni kumgeuzia godoro. Kichwani mwa kitanda palikuwa na simu ya zamani, nyeusi, ya waya. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika mjini, lakini mlimani kwetu mtandao ulikuwa wa kuotea. Mume wangu Ambokile, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mchele kutoka Rujewa, alipoona anakaa safarini wiki nzima bila kunisikia, akaenda Tunduma akanunua simu isiyo na waya. Kitako chake kikakaa sebuleni kwenye umeme, kikaunganishwa na waya ule ule wa simu nyeusi, na mkono wake nikawa natembea nao mimi uani, jikoni, chumbani kwangu. Alinunua mbili zinazofanana, moja yetu na moja zawadi kwa tajiri wake, mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya kijito, ambaye wote tulimwita Mama Mchele. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina. Tulicheka sana siku ile, Ambokile akijifanya anakisoma.

Hatukucheka tena mwaka ule. Mvua za kwanza zilipoanza, lori lilipinduka karibu na Ilula, pale akina mama wanapouzia nyanya, likamwaga magunia barabarani na kumbana Ambokile mguu. Wakampeleka hospitali Iringa. Mama mkwe akafunga sufuria na khanga mbili ndani ya kikapu akapanda basi, maana mgonjwa bila ndugu wa kumpikia ni yatima. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu niende naye, mimba ya miezi saba, na pale pale mlangoni damu zikanianza. Daktari akaamuru nilale, nisinyanyue ndoo, nisipande kilima. Nikabaki na baba mkwe, yeye sebuleni hawezi kutoka, mimi chumba cha uani siwezi kuingia, na mtu wa katikati ameondoka. Niliambiwa mguu umevunjika, amefungwa plasta, anaendelea vizuri, na atanipigia simu kutoka ofisi ya wauguzi. Kwa hiyo kazi yangu duniani ikawa moja tu, kusubiri sauti yake kwenye ule mkono wa simu. Nililala nao kifuani.

Mara ya kwanza alipopiga, nilisikia kama mtu anakaanga vitumbua ndani ya sikio langu. Mara ya pili nilisikia jina langu, kisha vitumbua. Mara ya tatu nilijikokota mpaka katikati ya uwanja, mvua inaninyeshea, na hapo ndipo nilipomsikia vizuri kidogo. Alisema, "Yusta, nataka uniambie wewe mwenyewe." Nikamuuliza nikuambie nini. Ikakatika. Aliposema vile sauti yake haikuwa ya mtu anayeendelea vizuri, na nisingekuwa mke wake kama nisingeitambua. Nilikaa jikoni nikageuza neno lile kila upande. Nimwambie nini? Kama namngoja? Kama nimesikia jambo? Hofu iliniingia, na ugali nilioupika siku ile mpwa wa mzee alisema una mabuja kama umepikwa na mtoto.

Jirani yetu Mama Sekela ndiye aliyejitolea kuwa mtu wa katikati. Alikuwa mjane mnene, mcheshi, mwenye kupenda habari kuliko chai, na kila alasiri alikuja kusimama kwenye mlango wa sebule, uso kwa mzee na kisogo kwangu. Kupitia yeye ndipo tukaanza kuitibu ile simu. Nilikuwa nasema kutoka upenuni, Mama Sekela, muulize kama antena imesimama. Mzee alikuwa ananisikia barabara, ukuta wenyewe wa tofali moja, dirisha wazi na pazia limeshushwa, lakini alingoja Mama Sekela arudie neno kwa neno, kisha akamjibu Mama Sekela kwamba amwambie huyo anayeuliza kwamba antena imesimama tangu siku iliponunuliwa. Mwambie azime televisheni. Mzee anasema televisheni ameizima tangu ajali, atafurahia nini. Mwambie asogeze kitako mbali na friji. Mzee anasema mwenye friji kasafiri na friji hana ruhusa ya kuligusa. Hapo Mama Sekela alikuwa anageuka kunikonyeza, nami nilikuwa nataka kumpiga na mwiko. Tulianika betri juani, tukazifuta ncha zake kwa kitambaa, tukabonyeza kila kitufe chenye maandishi tusiyoyajua. Fundi wa simu aliombwa aje kuvuta waya mpaka uani. Akasema kesho, na kesho yake akasema kesho.

Kilichonisumbua ni kwamba Ambokile alipoileta, simu ile ilikuwa inafika mpaka chini kwenye migomba. Iweje sasa ishindwe kuvuka uwanja? Siku moja, kwa kukata tamaa tu, nikamwambia Mama Sekela asinirudishie majibu ya mzee, anieleze kwa macho yake mwenyewe kitako kimekaaje. Akachungulia, akasema hakioni. Hukioni vipi? Akasema labda kimo humo kabatini. Kabati gani, Mama Sekela? Akasema kabati la bati, lile la vyombo vya wageni, naona waya unaingilia mlangoni. Mungu wangu. Mama mkwe, kabla ya kusafiri, kwa kuogopa paa linalovuja na wezi na wajukuu, alikuwa amekifunika kitako kwa kitambaa chake cha kufuma, akakifungia ndani ya kabati la bati, akaondoka na ufunguo kwenye pindo la khanga. Ndivyo alivyotunza kila kitu cha thamani. Hakuna aliyemwambia kwamba simu hiyo inahitaji kupumua. Mzee alipoelewa, alimwagiza mpwa wake alete nyundo, na nikasikia kitasa cha kabati la mkewe kikivunjwa. Nilijua siku atakayorudi mwenyewe patachimbika.

Kitako kilipowekwa dirishani, simu ikafika jikoni, safi, bila vitumbua. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Simu ilipoona njia yetu, ikaona na njia ya Mama Mchele ng'ambo ya kijito, maana zile zilikuwa pacha kutoka duka moja, na kila alipoinua yake mimi nilimsikia kwenye yangu. Nilisikia bei ya magunia. Nilisikia akimgombeza mtu wa Rujewa kwa kuchanganya chenga kwenye mchele mzuri. Nilitaka kuiweka chini, lakini nilikuwa naogopa Ambokile akipiga nisimkose, basi nikawa nasikiliza huku nachambua maharage. Ndipo akampigia wakala wake wa Iringa, na baada ya salamu akamuuliza, vipi dereva wangu.

Wakala akasema, "Mguu umeoza, mama. Daktari anataka kuukata, mwenyewe amekataa."

Mama Mchele akauliza anakataa nini, anataka kufa? Yule wakala akasema ndivyo anavyosema daktari, kwamba sumu ikipanda itakuwa basi tena, lakini kijana amegoma, anasema hawezi kurudi kwa mke wake akiwa nusu mtu. Anasema wote wanamdanganya ili akubali. Mpaka mke wake amwambie kwa kinywa chake kwamba atamtaka hivyo hivyo. Mama Mchele akauliza kama mke ameambiwa, na wakala akasema ukoo umekataza, mimba yake haijatulia. Mimi nikaupigia kelele mkono wa simu, niko hapa, mimi ndiye mke wake, mwambieni wakate! Hawakunisikia. Mimi nilikuwa nawasikia wao, wao hawanisikii, na nilipiga kelele mpaka maharage yakamwagika na mbwa akakimbia. Mama Mchele akaguna, akasema tumwachie Mungu, kisha wakahamia kwenye bei.

Sijawahi kuwa na hasira kama ile, kabla wala baadaye. Mzee alikuwa anaongea na mkewe kila siku kwenye simu ile nyeusi, Kinyakyusa kitupu ambacho sikukielewa, nami uani naulizia hali na kujibiwa anaendelea vizuri. Alijua. Mama Sekela naye alijua. Nilipomkabili alilia kwanza, akaeleza baadaye. Nikamtuma mlangoni na maneno makali ambayo sijui kama aliyafikisha yote, kwamba mwanaye anakufa kwa kungoja neno langu na yeye amelikalia. Kisha nikamsikia mzee akimwambia Mama Sekela, amwambie mkamwana kwamba watoto wawili wako hatarini, mmoja Iringa na mmoja tumboni, na yeye hakujua amwokoe yupi. Nilikaa chini kwenye ngazi ya jikoni nikalia.

Mama Sekela akavuka kijito kwenda kwa Mama Mchele, na nampa haki yake yule mwanamke, hakupoteza muda. Alimwagiza wakala wake Iringa kwamba kesho saa kumi jioni mgonjwa aletwe kwa kiti cha magurudumu ofisini kwa wauguzi, na yeye mwenyewe akaahidi kuchomoa simu yake ukutani isituingilie. Kesho yake Mama Sekela akaenda tena kuhakikisha imechomolewa, maana alisema matajiri husahau. Mvua ikashuka nyuma yake, kijito kikajaa, akabaki ng'ambo. Mpwa wa mzee alikuwa bado hajaja. Kwa hiyo saa kumi ilipofika, nyumbani kule tulikuwa mzee, mimi, na ukuta wa tofali moja katikati yetu. Nilivuta kigoda mpaka upenuni chini ya dirisha la sebule, pale ambapo simu ilishika vizuri kuliko popote, nikajifunika blanketi. Ikalia.

Nilimsikia Ambokile kama yuko jikoni kwangu. Nilimwambia ni mimi. Akauliza wamekuambia? Nikasema nimejua. Alikuwa anahema kama amepanda mlima. Akasema, "Basi sema wewe, Yusta. Hawa wote..." Na hapo radi ikapiga, taa ya sebuleni ikazimika, na sikioni kwangu pakawa kimya kabisa. Umeme ulikuwa umekatika. Kitako bila umeme ni tofali. Nilibonyeza, nikatikisa, nikapuliza, nikaomba. Nilijua kule Iringa anatazama mkono wa simu usio na sauti na kufikiri kwamba nimeshindwa kusema.

Kisha ndani, kichwani mwa kitanda, simu nyeusi ikaanza kulia. Ile ya zamani haikuhitaji umeme wetu, ililetewa nguvu na waya wake. Nikamsikia mzee akiinua. Yeye na Ambokile hawakuwahi kusemezana Kiswahili hata siku moja. Kiswahili kilikuwa cha ofisi na cha kwangu. Siku ile alisema kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kufika mbali, "Umeme umekatika. Ndiyo. Kumbe unasema unataka kumsikia mke wako."

Nilielewa. Alikuwa anazungumza na mwanaye, na mimi nilichokuwa nasikia nilikuwa nakisikia kwa bahati tu, kama nilivyosikia bei ya mchele. Nikauelekea ukuta. Nikasema, ewe ukuta, mwambie Ambokile wakate. Ndani mzee akasema, "Nasikia sauti huko nje. Inasema wakate." Akangoja. Akasema, "Unasema hayo ni maneno ya baba yako."

Ilikuwa kweli, hata mimi ningesema hivyo. Baba gani asingesema wakate? Mvua ilikuwa inapiga bati kwa fujo, na mimi nikatafuta neno ambalo mzee yule hata angepewa dunia nzima asingeweza kulitunga. Haya nilikuwa nayo, aibu yangu ninayo mpaka leo, lakini kifo kilikuwa karibu kuliko aibu. Nikausogelea ukuta mpaka midomo ikagusa tofali, nikapaza sauti. "Ukuta, mwambie kitandani miguu yake yote miwili ni ya baridi kama vyura, na kila siku ananibandika nayo mgongoni. Mwambie ukiondoka mmoja, nitabaki na chura mmoja. Mmoja unanitosha."

Fimbo ya mzee ikaanguka sakafuni. Akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea na miguu haimruhusu. Huyu ni mtu aliyesimama kanisani kila Jumapili akisoma matangazo, mtu ambaye hakuwahi kumwita mkewe kwa jina mbele ya watoto. Kisha akayasema. Aliyasema yote, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kitanda na mgongo na vyura, hakuruka neno.

Halafu mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Anacheka." Baadaye kidogo akasema, "Sasa analia." Na mwisho, taratibu, kama mtu anayehesabu mayai, akasema, "Anasema wakate."

Walimkata kesho yake asubuhi, juu ya goti. Daktari alisema angekubali mapema wangekata chini ya goti, na hilo limeniuma miaka yote, nikikumbuka kabati la bati na wale wote walionificha kwa upendo. Lakini aliishi. Alirudi kwa magongo binti yetu akiwa ameshaanza kushika shingo, na mama mkwe alirudi naye akauliza nani amevunja kabati lake.

Hayo yalikuja baadaye. Jioni ile mzee aliweka simu chini, nami nikabaki nimeegemea ukuta. Nilimsikia akilia, mwanamume mtu mzima, bila kujificha, umbali wa tofali moja. Nikafanya nisichopaswa kufanya. Sikuuambia ukuta, nilimwambia yeye. Nilisema, "Ndaga, tata." Asante, baba.

Alipenga kamasi, akaokota fimbo yake, akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba katika nyumba hii leo inaelekea hakuna chai.